Merikebu za Tiro na Mashua ya Kuazima

Masomo: Ezekieli 27; Luka Mtakatifu 5:1-11



Baada ya Misa ya Jumapili moja kijana wa kwaya alinionyesha katika simu yake picha ya merikebu inayouzwa huko Singapore. Ni nyeupe kama yai, ina ghorofa juu ya ghorofa, na huko juu kabisa kuna kiwanja cha kutua helikopta. Akaniuliza, "Mwalimu, mwenye chombo hiki si ndiye mtu aliyebarikiwa na Mungu?" Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua swali lake limetoka wapi. Siku hizi wako wahubiri wengi wanaofundisha kwamba baraka ya Mungu hupimwa kwa gari, kwa nyumba na kwa ndege, na kwamba aliye maskini ana upungufu wa imani. Nilimwambia kijana yule kwamba swali lake ni kubwa, nami nitalijibu kwa kalamu. Basi leo najibu.

Kwanza tujue tunazungumza juu ya kitu gani. Merikebu hizi za anasa hazibebi shehena, wala hazivui samaki, wala hazivushi abiria kwa nauli. Hutengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja na wageni wake. Zamani wanunuzi wake walikuwa hasa watu wa Ulaya, Marekani na Uarabuni, lakini utajiri wa Asia umekua, na wauzaji wamezifuata fedha huko zilikokwenda: Singapore, Hong Kong, Phuket kule Thailand. Watu wa biashara hiyo hukadiria kwamba mwenye chombo cha namna hii hutumia kila mwaka kama sehemu ya kumi ya bei yake, ili kulipa mabaharia, mafuta na matengenezo. Sehemu ya kumi! Wasomaji wa Malaki wanalifahamu neno hilo, na wahasibu wa mitaa yetu wanajua jinsi lilivyo gumu kutamka mbele ya watu wakati wa njaa.

Jambo moja lilinigusa kuliko mengine. Merikebu hizi zina mitambo ya kuondoa chumvi katika maji ya bahari, ili watu wapate maji matamu ya kunywa na kuoga, na nyingi zina bwawa la kuogelea juu ya staha. Yaani chombo kinaelea juu ya maji, na ndani yake kimebeba maji mengine ya kuchezea. Nanyi mnaosoma haya mko Newala, juu ya uwanda ambao hauna mto wala chemchemi, ambako bibi zetu walishuka mabondeni usiku wakapanda tena alfajiri na mtungi kichwani. Mradi wa maji wa Makonde ulianza miaka ya 1950, maji yakasukumwa kwa mitambo kutoka bondeni Mitema. Hata hivyo, nani kati yetu hajapata kununua ndoo ya maji kwa fedha ambayo ingenunua unga?

Sisemi haya ili tuwachukie matajiri. Yusufu wa Arimathaya alikuwa tajiri, na kaburi lake lilimpokea Bwana. Wale akina mama wa Luka 8 walikuwa na mali, nao wakamhudumia Bwana na mitume kwa mali hiyo. Lakini mtu akiniambia kwamba merikebu ni baraka, ninayo haki ya kuuliza imelipiwa na nani, na imebeba nani.

Tuchukue mfano mmoja uliojulikana dunia nzima. Februari 2018 merikebu moja yenye urefu wa zaidi ya mita 90 ilikamatwa katika kisiwa cha Bali, Indonesia. Ilikuwa na bwawa, chumba cha kuogea kwa mvuke, na kiwanja cha helikopta. Jina lake lilikuwa Equanimity, maana yake utulivu wa moyo. Serikali ya Marekani, na baadaye ya Malaysia, zilisema kwamba ilinunuliwa kwa dola zipatazo milioni 250 zilizotokana na fedha zilizoibwa katika 1MDB, mfuko uliowekwa kwa ajili ya maendeleo ya wananchi wa Malaysia. Mfanyabiashara aliyetajwa kuwa mwenyewe, Jho Low, amekana. Merikebu ilirudishwa Malaysia, na mwaka 2019 ikauzwa kwa amri ya mahakama kwa dola milioni 126, karibu nusu ya bei ile ya kwanza. Mnunuzi mpya akaiita Tranquility, ambayo ni utulivu kwa mara ya pili. Naona watu hutafuta sana neno hilo wanapokuwa hawana chenyewe.

Mwalimu wa hesabu hastaafu kabisa, basi nilichukua karatasi. Dola milioni 126 kwa thamani ya mwaka ule zilikuwa karibu shilingi bilioni 290. Serikali yetu ilipotangaza kununua korosho Novemba 2018, bei ilikuwa shilingi 3,300 kwa kilo. Gawanya. Utapata kilo karibu milioni 88, na gunia likiwa la kilo 80, ni magunia zaidi ya milioni moja. Milioni moja ya magunia, yaliyookotwa moja moja chini ya miti na watu walioinama, ili kununua chombo kimoja, tena kwa bei ya mnada! Nazo korosho zetu, kama mjuavyo, nyingi hupakiwa Mtwara zikiwa na maganda yake na kupelekwa India na Vietnam kubanguliwa. Kwa hiyo soko la Asia si mbali nasi. Ndilo linalotununulia sare za shule.

Sasa tumsikie nabii. Katika sura ya 27 Ezekieli anaamriwa kuufanyia maombolezo mji wa Tiro, mji wa wafanya biashara wa baharini. Anaueleza mji wote kama merikebu moja nzuri. Mbao zake ni za miberoshi ya Seniri, mlingoti wake ni mwerezi wa Lebanoni, makasia yake ni mialoni ya Bashani, staha yake imepambwa kwa pembe za ndovu, na tanga lake ni kitani ya Misri iliyotariziwa. Nabii hasemi kwamba chombo kilikuwa kibaya. Anakisifu kama fundi anavyosifu kazi ya fundi mwenzake. Kisha anasoma orodha ya shehena, bidhaa kwa bidhaa: fedha, chuma, bati, farasi, ngano, asali. Ukisoma upesi utaipita aya ya 13 bila kusimama. Humo, katikati ya vyombo vya shaba, nabii anataja wanadamu. Tiro iliuza watu. Mtakatifu Yohana naye, alipoandika orodha ya bidhaa za Babeli katika Ufunuo 18, aliweka roho za wanadamu mwisho kabisa, baada ya farasi na magari, labda kwa sababu katika daftari za wenye merikebu ndipo zilipokuwa zikiandikwa. Baadaye upepo wa mashariki ukavuma, merikebu ile ikavunjika katikati ya bahari, na manahodha wakalia pwani.

Pwani yetu nayo ilipata merikebu ya Tiro. Aprili 1872 tufani kubwa ilipiga Unguja, ikang'oa minazi na mikarafuu na kuharibu merikebu za Sultani Barghash. Baadaye Sultani akaagiza Uskochi, katika karakana ya Denny huko Dumbarton, chombo kipya cha kifalme kilichofanana na manowari ya Kiingereza iliyoitwa Glasgow. Kikamalizika mwaka 1878, nacho kikaitwa Glasgow. Kilikuwa na milingoti mitatu na injini ya mvuke, na mizinga juu yake. Lakini inasimuliwa kwamba Sultani hakupendezwa nacho sana. Kikatia nanga mbele ya jumba lake, kikakaa hapo mwaka baada ya mwaka, pambo la bandari.

Nisimwonee Barghash. Yeye ndiye aliyewaletea watu wa mjini Unguja maji safi kwa mabomba kutoka Chemchem, na meli zake nyingine za biashara zilileta mchele kutoka India ukapungua bei. Hata saa iliyo katika mnara wa Kanisa Kuu la Unguja ni zawadi yake. Mtu mmoja, basi, alikuwa na meli zilizobeba chakula cha watu, na alikuwa na meli iliyobeba jina lake tu. Lakini fedha za kununulia zote zilitoka wapi? Zilitoka katika ushuru wa pembe za ndovu, zilizobebwa mabegani kutoka bara hizi hizi zetu, na katika karafuu zilizochumwa na watumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini mashamba hayakuacha kulimwa na watumwa, na sheria haikuondoa utumwa huko mpaka mwaka 1897.

Tarehe 27 Agosti 1896, baada ya Khalid bin Barghash kujitwalia kiti cha enzi bila idhini ya Waingereza, manowari zao zilipiga jumba la Sultani kwa mizinga. Vita hivyo havikufika saa moja, na watu wapatao mia tano wa upande wa Sultani waliuawa au kujeruhiwa. Glasgow ilijaribu kujibu, ikatobolewa, ikazama pale pale ilipokuwa imetia nanga. Maji ya bandari hayakuwa na kina cha kutosha kuifunika. Milingoti yake mitatu ilibaki imesimama juu ya maji, ikionekana na kila aliyeingia Unguja, mpaka mwaka 1912 mabaki yake yalipovunjwavunjwa na kuondolewa.

Wazee wa Masasi watauliza, haya yatuhusu nini sisi? Yatuhusu kwa sababu ya tarehe. Miaka miwili tu kabla ya merikebu ile kumalizika, mwaka 1876, Askofu Edward Steere aliondoka Unguja na kundi la watu hamsini na kitu waliokombolewa utumwani, wanaume na wanawake. Walivuka bahari mpaka Lindi, wakatembea kwa miguu kupanda bara. Nia ilikuwa kuwafikisha upande wa Ziwa Nyasa walikotoka wengi wao, lakini walipoiona milima ya Masasi wakaomba wakae hapo. Ndio mwanzo wa Kanisa letu. Wakati mmoja, basi, katika bandari moja, watu wale wale waliokuwa wameandikwa katika daftari la shehena walikuwa wanaondoka kwenda kujenga Kanisa, na fedha za nchi zilikuwa zinakwenda Uskochi kununua pambo. Mgeni aliyesimama pwani siku hizo, akiulizwa ni wapi baraka ya Mungu ilipo, angeonyesha kidole upande gani?

Katika waliotumwa kulihudumia kundi lile alikuwamo kijana mmoja padre, Chauncy Maples. Alikaa Masasi, na Wamagwangwara walipoishambulia Masasi mwaka 1882, yeye na wenzake walihamia Newala kwa Matola, chifu mmoja wa Wayao, ambaye alimkaribisha. Alitembea nchi hii yote kwa miguu. Kisha akaenda Likoma katika Ziwa Nyasa, na mwaka 1895 akawekwa wakfu kuwa Askofu. Hakukifikia kiti chake. Usiku wa tarehe 2 Septemba mwaka huo huo, akirudi kwa watu wake, mashua ya Misheni ilipinduliwa na dhoruba ziwani. Mabaharia waliookoka walisimulia kwamba walijitahidi kumshika juu ya maji, na kwamba yeye aliwataka wamwache waokoe maisha yao. Mwenzake Joseph Williams alizama pamoja naye. Maples alikuwa amevaa kanzu yake, na kanzu ikilowa ni nzito.

Rafiki zake walitaka kumkumbuka kwa meli. Ndiyo, meli, lakini angalieni ni meli ya namna gani. Ilitengenezwa katika mji ule ule wa Glasgow ambao jina lake lilipakwa juu ya merikebu ya Sultani. Iligharimu pauni 13,500, ikafunguliwa vipande 3,481 na kuletwa Chinde, kisha ikapandishwa kwa mito ya Zambezi na Shire. Boila lake peke yake lilikuwa na uzito wa tani 11, na pale ambapo mto haupitiki, Wangoni 450 walilivuta kwa kamba maili 64. (Wamagwangwara waliochoma nyumba za Masasi walikuwa Wangoni wa upande wetu. Sijui kama mmoja wa wale wavutaji aliwahi kusikia habari za Masasi, lakini napenda kufikiri juu ya jambo hilo.) Mwaka 1901 ikashushwa majini, ikaitwa Chauncy Maples. Ilikuwa hospitali, ilikuwa kanisa, na, hapa mniwie radhi, maana nimefanya kazi katika chuo cha ualimu, ilikuwa pia mahali pa kuwafundishia walimu wa vijiji vya ziwani. Wanafunzi walilala na kusoma humo huku meli ikienda kijiji hadi kijiji. Nimeona vyuo vya ualimu vyenye majengo mazuri zaidi. Sijaona kilichokwenda kuwatafuta watoto namna hiyo.

Rudini sasa katika Injili ya Luka. Bwana wetu amesongwa na makutano kando ya ziwa la Genesareti. Anaona mashua mbili tupu, wenyewe wameshuka wanaosha nyavu. Bwana hana mashua. Anapanda katika ile ya Simoni, na kumwomba aisogeze kidogo mbali na nchi kavu, akaketi akafundisha. Muumba wa bahari aliazima chombo. Katika Injili nne sioni mahali ambapo alikuwa na chombo chake mwenyewe. Mashua ya kuhubiria ni ya Simoni, mwanapunda wa kuingilia Yerusalemu ni wa mtu wa kijijini, chumba cha Karamu ni cha mwenye nyumba, na kaburi ni la Yusufu. Wanaotuambia kwamba mtoto wa Mfalme lazima apande chombo cha kifalme, na waeleze kwa nini Mwana wa Mfalme alizaliwa bila kitanda.

Tena tazameni linalofuata. Baada ya kuhubiri, Bwana hakuirudisha mashua ya Simoni ikiwa tupu. Samaki walikuwa wengi hata nyavu zikaanza kukatika. Simoni akawapungia mkono wenzake waliokuwa katika mashua ya pili, nao wakaja, na mashua zote mbili zikajaa karibu kuzama. Mimi naona mashua ya pili ndiyo sehemu ya habari hii tunayoisahau. Wenzake Simoni hawakuwa wameazimisha kitu. Samaki wakawafikia hata hivyo, maana baraka ya Simoni haikutosha ndani ya chombo kimoja. Jibu langu kwa kijana wa kwaya liko hapo: akitaka kujua kama mtu amebarikiwa, aitafute mashua ya pili.

Nisingependa mtu amalize kusoma akiwalaumu watu wa Singapore. Wao hawalisomi gazeti hili. Sisi hapa uwandani hatuna bahari, lakini merikebu za anasa tunazo, nazo hutia nanga kila mwaka kuanzia mwezi wa Oktoba, minada inapofunguliwa. Nitasema wazi, maana niko katika umri ambao watu hunisamehe. Nani hupalilia chini ya mikorosho? Nani huokota, jua kali, na mtoto mgongoni? Na chama cha msingi kinapolipa, fedha huingia katika jina la nani? Msimu wa 2017/18 bei ilipofika shilingi elfu nne, zilisimuliwa hadithi nyingi za kuchekesha kuhusu watu wa kusini na bia zao. Mimi sikuzipenda hadithi hizo, na nyingi zilikuwa za kutuzulia. Lakini habari za waume waliokwenda mjini na fedha za msimu na kurudi baada ya Krismasi mikono mitupu, na za wale waliooa mke wa miezi mitatu kwa korosho alizookota mke wa miaka ishirini, hizo hazikuzuliwa. Ziliamuliwa katika mabaraza ya wazee wa Kanisa, na baadhi yenu mlikuwapo. Mama yule anaendelea kununua maji kwa ndoo. Merikebu ya mumewe ina urefu wa miezi mitatu, na yeye hajapata kupanda ndani yake.

Basi nawaomba wanaume wa mitaa yetu, hasa mnaopokea Ushirika Mtakatifu, mfanye jambo moja kabla ya mnada wa kwanza. Kaeni mezani, wewe na mke wako na watoto wanaojua kuandika. Mtoto aandike kilo zilizopimwa, na ni nani aliyeziokota. Aandike ada ya shule, dawa ya kupulizia mikorosho ya mwaka ujao, tangi la kukingia mvua, sadaka ya shukrani, na jina la jirani mmoja ambaye miti yake haikuzaa. Kisha karatasi hiyo abaki nayo mama.

Mwalimu mstaafu, Newala